Kaburi la Mgomba

Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, na kila Alhamisi alasiri alitufundisha habari za wanawake wa Maandiko. Hatukukaa kanisani. Tulikaa juu ya majabali ya kuanikia dagaa, kwa sababu dagaa hawajui Alhamisi, na usipowageuza wanaoza huku wewe unasali. Alitusimulia habari za Debora, Hulda, Esta na Rahabu kana kwamba walikuwa majirani waliohama mwaka jana. Debora wake aliamua kesi za watu pale njia panda ya kwenda Suguti. Baraka, yule jemadari aliyekataa kwenda vitani mpaka Debora aende naye, alikuwa mwanamume wa hapa hapa kijijini, na kila mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa alijua wa kwake ni yupi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nimezaliwa upande wa Butiama, kwa watu wa mihogo na ng'ombe, na ziwa nilipewa pamoja na mume. Mdomo ninao tangu utotoni. Siku ile alipotufundisha Rahabu, yule aliyewaficha wapelelezi darini na kuwaambia askari kwamba wameshaondoka, niliuliza kama ule haukuwa uongo. Wenzangu wakainamia dagaa zao. Mama alikuwa mtu asiyeweza kumdanganya hata mnunuzi. Akiona mchanga kwenye gunia lake mwenyewe anasema kabla hajaulizwa. Akatazama majini, akajibu kwamba hilo tutaliangalia Alhamisi ijayo. Alhamisi ijayo akatufundisha Esta.

Mume wangu alikuwa mtoto wake wa mwisho. Alitega nyavu za sato kwa mtumbwi mdogo, peke yake, kwa sababu hakupenda kugawana samaki wala kuamriwa. Nilikuwa na mimba changa, ya kwanza baada ya miaka ya kusemwa kisirisiri, na ni yeye na mama yake tu waliojua. Siku moja upepo uliinuka ghafla mchana, ziwa likawa jeusi, na jioni hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka karibu na kisiwa. Walimtafuta kwa mitumbwi na kwa boti ya injini mpaka watu wakaanza kutazamana.

Watu wa ziwani wana desturi ambayo kwetu Butiama sikuwahi kuisikia. Mtu akipotea majini na mwili usipoonekana, hawamwachi hivyo hivyo. Wanakwenda ufukweni, wanaliita jina lake kuelekea majini, wanangoja kidogo kama mtu anayebisha hodi, kisha wanabeba shina la mgomba begani wanarudi nalo nyumbani bila kugeuka nyuma. Mgomba huo unavalishwa nguo zake na kuzikwa. Baada ya hapo yeye amekufa, na ziwa halina tena haki ya kumrudisha akiwa vipande vipande.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo, alikuja kuniomba nguo. Nikampa shati la bluu, suruali, na mkanda. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakifunga vifungo vya shati juu ya shina la mgomba, taratibu, kwa heshima, mmoja akishika pale ambapo kichwa kingekuwa. Mgomba una maji mengi. Kabla hawajafika kaburini shati lilikuwa limelowa na kuganda, na maji yakawa yanadondoka kwenye vidole vya wabebaji. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba ametoka ziwani kweli. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Nikanyolewa nywele, nikawa mjane wa mgomba.

Mama hakulia. Alhamisi iliyofuata alitufundisha kama kawaida, ila sauti ilikuwa imepungua, na macho yake yakawa yanakwenda ziwani kila kidogo.

Kaburi lile lilikuwa uani, hatua chache kutoka dirisha langu. Kiangazi kikaingia, ardhi yote ikapasuka, lakini udongo wa pale haukukauka. Kila asubuhi ulikuwa na unyevu, kama mtu amemwaga maji ya kunawia. Najua ni maji ya mgomba. Hata wakati ule nilijua. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kufungua dirisha asubuhi ukakuta kuku wote wamesimama mbali na eneo lile, wamelizunguka, ni kitu kingine. Kisha likachomoza chipukizi upande wa kichwani, jani jeupe lililojikunja kama kidole. Vijana walioleta mgomba ule waliung'oa pamoja na kitako chake chenye mizizi, nao hawakuhangaika kukikata. Shemeji alipoliona alirudi nyuma. Alisema yule mtu hajalala. Akataka kulikata, mkono ukamshinda, akaondoka akisema atakuja mtu mwingine wa kulikata. Hakuja mtu.

Nikawa nalala nimeelekea ukutani. Tumbo lilianza kuisukuma kanga, majirani wakaanza kuhesabu miezi kwa macho, na mama akawatangazia kanisani kwamba ni mjukuu wake na asiulize mtu.

Siku aliyorudi mume wangu ilikuwa mchana mweupe, ule mchana ambao wale wadudu wadogo wa ziwani wanainuka juu ya maji kwa wingi hata unadhani kuna kijiji kinaungua upande wa pili. Wingu lao lilikuwa limefika karibu na ufukwe. Ndege walikuwa kimya. Mimi nilikuwa nimechutama majini nasugua masufuria kwa jivu, na mama alikuwa juu ya jabali anakusanya dagaa waliokauka. Wengine walikuwa wamekwenda kupumzika kivulini.

Nilisikia changarawe. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama kwenye njia, peku, amevaa fulana isiyo yake, ndevu zimeota hovyo, mashavu yameingia ndani. Wale wadudu walikuwa wamemtua kwenye nywele zote na hakuwafukuza. Ananitazama tu. Nikawaza: kumbe wafu wanakujaga mchana.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilishikwa na hasira. Miezi yote ile ya kunyolewa, ya kulala nimeelekea ukutani, ya kutishwa na kuku! Nikaliacha sufuria, nikapanda mpaka pale alipo, nikamchapa kofi la shavuni kwa nguvu zangu zote.

Shavu lilikuwa la moto.

Akasema, "Mbona unanipiga?"

Wafu hawalalamiki. Nikanyoosha mkono nimshike, na hapo nikasikia sauti ya mama juu ya jabali, tulivu kama ananiambia nigeuze dagaa. Alisema nisimguse tena. Akateremka, akasimama karibu kabisa na mwanawe, lakini mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Sikuelewa. Nilidhani mshtuko umemchanganya.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Hujamwona. Hujamgusa. Ukiulizwa, nyamaza, na mimi najua kunyamaza kunavyokushindaga."

Naye mwanawe, mama akamwambia akae palepale mpaka aitwe. Nikachukua masufuria yangu nikaenda, miguu ikinipeleka yenyewe.

Hakuitwa, maana wenzetu waliotoka kivulini walimwona. Kelele zile nazisikia mpaka leo. Walikimbia wakaacha makarai, wakaacha kanga juu ya mawe, na yeye masikini, badala ya kutulia alipoambiwa, akawafuata. Akafika kwenye pengo la ua wetu wa minyaa akasimama. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona akilitazama lile kaburi, na lile jani, ambalo sasa lilikuwa limefunguka.

"Pale amelala nani?" akauliza.

Akauliza tena. Shemeji yangu, kutoka ndani ya nyumba yake, mlango ukiwa wazi kidogo tu, akamjibu, "Ni wewe."

Mume wangu akakaa chini kwenye vumbi.

Baadaye alitueleza yote. Mawimbi yalimpindua, watu wa upande mwingine wa ziwa wakamwokoa, na kwa kuwa hakuwa na kibali chochote wakamkabidhi kwa askari, akafungiwa. Simu ilizama. Namba hakuwa na hata moja kichwani. Nani siku hizi ana namba kichwani? Walipomwachia alivuka mpaka, akaomba lifti hadi Musoma, na pale sokoni akamwona mama mmoja wa kijijini kwetu, akafurahi, akamwita. Yule mama aliacha samaki wake juu ya meza akaondoka. Mume wangu alidhani ana chembe ya kichaa, maskini, kumbe ni yeye aliyekuwa amekufa.

Lakini siku ile hakuna aliyemwuliza. Ukoo ulikusanyika upande wetu wa ua, yeye amekaa upande wa pili, na ndipo nilipoisikia ile sehemu ya desturi ambayo sikuwa nimeambiwa. Shemeji aliieleza kwa ajili ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia hakuwa mwenyeji. Kaburi likishachimbwa na kufukiwa limepewa ahadi. Aliyezikwa akirudi, lile kaburi linabaki na njaa, na mtu wa kwanza kumgusa ndiye linayemchukua. Lisipomchukua yeye, linachukua alichobeba. Alisema hivyo, alichobeba, na kina mama wawili watatu wakatazama tumbo langu bila kukusudia.

Mwenyekiti wa kitongoji alisema serikali haitambui mambo hayo. Aliyasema akiwa amesimama nyuma ya watu wote. Mwinjilisti wetu naye alifika na Biblia, akaomba kwa sauti kubwa akiwa upande huu wa minyaa, na alipomaliza hakusogea hata unyayo. Sikuwacheka. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeuficha ndani ya kanga.

Kisha mtu akaliona. Kwenye shavu la mume wangu, juu ya ndevu, kulikuwa na alama nyeupe ya kiganja, vidole vyote vitano. Lilikuwa jivu langu la masufuria. Wao hawakujua. Wakaanza kunong'ona kwamba amepigwa muhuri, kwamba huo ni mkono wa waliomshika kule chini ya maji. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa woga. Lakini shemeji si mjinga. Alilitazama lile jivu kwa muda mrefu, akageuka.

"Nani amemgusa huyu?" akauliza. "Nani alikuwa majini?"

Yule mwanamke aliyekuwa akilia akasema kwamba mke wa huyu aliyerudi ndiye aliyekuwa anaosha vyombo. Wote wakanigeukia. Sijawahi kuona nyuso za watu ninaowajua zikiwa ngeni namna ile. Walinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilijua kitakachofuata: ningefungashiwa nguo kabla jua halijazama, nirudishwe Butiama na tumbo langu, nikafie huko nisilete msiba hapa, na kila nitakachougua mimi au mtoto kitakuwa kimeshaelezwa. Nikafungua mdomo.

"Hakugusa," mama akasema. "Nilimtuma nyumbani mapema. Nilikuwepo. Hakuna mtu aliyemgusa mwanangu bado."

Alisema mbele ya mwinjilisti, mbele ya Biblia iliyofunguliwa, mbele ya kina mama wote aliowafundisha, yule mtu ambaye hakuweza kuuacha mchanga kwenye gunia. Sauti haikutikisika. Nikamkumbuka Rahabu, na nikajua kwa nini hakunijibu siku ile: alikuwa hajui jibu, na sasa alikuwa anatafuta moja mbele yetu.

Shemeji akamwuliza, basi na ile alama? Mama akasema alama ya nini yeye hajui, ila atakwenda kuitazama. Wanaume wakaanza kusema mama ngoja, mama hayo yana wazee wake. Mmoja akasema kwamba kama mama atatangulia, wao watamfuata. Nadhani aliropoka tu. Mama akamtazama mtu huyo, na kwa sekunde moja niliona mdomo wake unataka kucheka, maana somo la Baraka tulilirudia mara nyingi, na yule alikuwa mume wa mwenzetu mmoja wa Alhamisi.

Akavua ndala zake akaziweka pamoja. Alipopita karibu nami alinishika bega kama mtu anayetafuta pa kujishikiza, akaniambia sikioni, "Naogopa, mwanangu. Nitazame, usitazame pembeni."

Nilimtazama. Alipita kando ya kaburi akasimama hapo, akainama, akaweka kiganja juu ya ule udongo wenye unyevu. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba hilo ni la kwake, asichimbiwe lingine, na mtu asije akaliulizia tena. Alilisema kama mtu anayejiwekea kiti chake mkutanoni. Kisha akatoka kwenye pengo la minyaa, akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika mwanawe usoni. Kiganja chake cha kulia kilitua juu ya kiganja changu kile cha jivu, kikakifunika chote. Akabaki hivyo kwa muda mrefu, wote wawili wanalia, na alipouondoa mkono alikuwa amelifuta jivu lote kwa pembe ya kanga.

Alimwinua, akamwingiza nyumbani kwa mlango wa mbele akiwa amemshika mkono. Wanaume wakaja mmoja mmoja kumsalimia. Shemeji alikuwa wa mwisho, akamkumbatia mdogo wake akalia kuliko wote. Kondoo akachinjwa ili kila mtu aridhike.

Mimi ndiye niliyebaki na hofu. Watu walikuwa wamedanganywa, sawa. Lakini kaburi je, nalo linadanganyika? Mimi ndiye niliyemgusa wa kwanza, na lile kaburi lilikuwa hatua chache kutoka kwangu, na kila mtoto alipotulia tumboni kidogo nilikuwa nakaa kitako kitandani nasikiliza. Mume wangu alidhani namwota amezama. Mgomba ukaendelea kukua. Mama aliupalilia mwenyewe, akauwekea majani makavu chini, akauita mgomba wangu. Kuna siku nilimkuta amesimama pale katikati ya mchana, anauambia kitu kwa sauti ya chini, kama mtu anayepatana na mnunuzi mgumu. Aliponiona alinyamaza akaniuliza kama dagaa wameshageuzwa.

Nilijifungua msichana, mzima, mwenye sauti ya kuudhi. Mama alimpokea yeye mwenyewe. Alimgeuza huku na huku, akamhesabu vidole, akamnusa utosini, kisha akatoka nje akakaa peke yake, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa jibu.

Kabla mtoto hajaanza kutambaa mama akaanza kukonda. Mwanzoni alisema ni chakula hakimpendi. Baadaye hata maji yakawa hayapiti. Tukampeleka hospitali Bunda, na mimi nikabaki naye wodini, mtoto nimemfunga mgongoni. Daktari alitueleza ugonjwa wake kwa upole. Alisema ulikuwa umeanza siku nyingi. Kuanza lini, hakuweza kusema.

Tulimzika pale alipoagiza. Walipochimba hawakukuta mgomba wala shati, walikuta mkanda tu, na mgomba ule uliochipua wakausogeza kando kidogo na ukashika. Kijiji kizima kinasema kaburi limempata mwenyewe. Mume wangu anaamini kwamba mama yake alikufa badala yake, na nimemwacha aamini, kwa sababu ni karibu na kweli. Kina mama wa kanisa, ambao sasa nami huwafundisha siku nikitoka Bunda, ninakoishi sasa, kwenda kuwatembelea, wanapenda niwasimulie imani yake: jinsi alivyozidharau desturi zile, jinsi alivyojua kwamba kaburi haliwezi kumfanya mtu kitu.

Hata mimi nilidhani hivyo. Ndiyo maana siku moja wodini, alipokuwa na nguvu kidogo, nilimwuliza ili anitulize moyo. Nilisema, mama, yale maneno ya kaburi hukuyaamini hata kidogo, si ndiyo? Aliniangalia, akamwangalia mtoto aliyelala mgongoni kwangu, mkono wake mdogo umening'inia.

"Nilikuwa nayaaminiga yote," akasema. "Na leo nayaamini. Yangekuwa ya uongo ningekuacha ubishane nao mwenyewe. Mdomo unao."